Wasomaji Wanauliza: Kuwapata waimbaji wa Injili wanaojitegemea, na hisani inayofika

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu waimbaji wa Injili wasio na lebo wala meneja, na kazi ndogo za huruma zinazoendeshwa na waimbaji hao au kwaya zao. Karibu kila barua imechanganya mambo mawili: malipo ya kazi ya mwimbaji na sadaka kwa wahitaji. Hiyo ni mifuko miwili. Tutalirudia jambo hilo kila panapohitajika, kwa sababu ugomvi mwingi ndani ya kwaya huanzia hapo.

Bwana Yesu asifiwe. Kila nikifungua YouTube naletewa waimbaji walewale. Najua kwaya zimejaa nchi nzima, ila sizioni. Nizipateje? (Msomaji, Singida)

Amina. YouTube hukuletea kinachofanana na ulichokwisha kutazama, kwa hiyo ukiiachia ikuchagulie utabaki na walewale. Nenda kwenye sehemu ya kutafuta, na uandike jina la mahali badala ya jina la mwimbaji: wilaya, kata, usharika, parokia au kigango. Ongeza aina ya kwaya. Katika sharika za KKKT, yaani za Walutheri wa Tanzania, utakutana sana na "Kwaya ya Uinjilisti" na "Kwaya ya Vijana". Wakatoliki huzipa kwaya zao majina ya watakatifu, basi andika "Kwaya ya Mt." na jina la parokia. Za Wasabato zitafute kwa herufi SDA, au kwa neno "makambi" pamoja na mwaka. Kisha chuja matokeo ubaki na video zilizowekwa mwezi huu au mwaka huu. Usipochuja, zenye watazamaji wengi zitakaa juu na wewe utakuwa umerudi ulikotoka.

Njia yenye mavuno kuliko zote ni kumfuata prodyuza. Ukipata wimbo mmoja ulioupenda wa kwaya isiyojulikana, fungua maelezo yaliyo chini ya video. Mara nyingi pameandikwa studio iliyorekodi sauti, aliyepiga picha na namba ya simu ya kwaya. Tafuta chaneli ya studio hiyo. Studio moja ya mji wa wilaya hurekodi kwaya nyingi za eneo lake, na nyingine hazina chaneli zao wenyewe. Kwa saa moja ya kusikiliza hapo utapata majina ambayo redio za kitaifa hazijawahi kuyataja.

Redio za dini nazo zina vipindi vya maombi ya nyimbo ambamo kwaya za vijijini hupewa nafasi. Tanzania zipo Radio Maria, Upendo FM, Sauti ya Injili ya Moshi na Morning Star, miongoni mwa nyingi. Sikiliza ukiwa na kalamu, kwa sababu mtangazaji hutaja jina la kwaya mara moja tu. Ukilikosa, mwandikie siku hiyohiyo ukitaja saa na mstari mmoja wa wimbo. Akiulizwa baada ya wiki hatakumbuka.

Halafu kuna mahali ambapo waimbaji wenyewe wapo: mikesha, makambi, mashindano ya kwaya ya jimbo au dayosisi, na uzinduzi wa albamu. Usiondoke bila kuonana na mwalimu wa kwaya au katibu wake. Omba namba ya simu na jina kamili la chaneli yao. Ndiye pia atakayekutajia kwaya nyingine tatu nzuri za jirani.

Kwa mpenzi wa nyimbo za liturujia, usisahau watunzi. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nota za nyimbo nyingi sana za watunzi Wakatoliki wa Afrika Mashariki, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure. Kwaya huimba tungo hizo kila Jumapili na waamini hawajui zimetoka kwa nani. Soma jina lililo juu ya karatasi ya nota, tafuta tungo zake nyingine, na ikiwa kwaya yenu inazitumia, mtumieni mtunzi chochote mwishoni mwa mwaka na kumtaja jina mnapoimba. Hakuna mtu aliyesahaulika katika muziki wetu wa kanisa kama mtunzi.

Nina shilingi mia tano za Kenya kila mwezi za kuwaunga mkono waimbaji wadogo. Nisikilize wapi ili pesa iwafikie? (Msomaji, Nakuru)

Kununua moja kwa moja kunashinda njia zote. Mwimbaji akikuuzia albamu kwa M-Pesa na kukutumia nyimbo kwa WhatsApp, hakuna mtu wa kati zaidi ya makato ya kutuma. Mwombe azitume kama faili, yaani kwa njia ya kutuma nyaraka, kwa sababu sauti ikipitia njia nyingine inaweza kupunguzwa ubora. Wimbo wa dakika tano katika MP3 ya kilobiti 320 una takribani megabaiti 12, kwa hiyo albamu ya nyimbo kumi ni kama megabaiti 120. Akikutumia nyimbo zenye megabaiti mbilimbili, sauti imebanwa na unayo haki ya kuomba nakala bora.

Gawa mia tano yako hivi: mia tatu nunua wimbo au albamu ya mtu mmoja, tofauti kila mwezi. Mia mbili iwe bando la kusikilizia. Ukisikiliza YouTube, hakikisha uko kwenye chaneli ya kwaya yenyewe, si ya mtu aliyepakua wimbo na kuupakia upya pamoja na picha ya machweo. Mapato ya tangazo, kama yapo, huenda kwa mwenye chaneli, labda mwenye wimbo awe ameudai.

Na hata chaneli ya kwaya yenyewe huenda bado hailipwi. Ili YouTube igawane mapato ya matangazo na mwenye chaneli, anatakiwa awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Akishakubaliwa hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Kinachozishinda kwaya nyingi ni zile saa 4,000. Hizo ni dakika 240,000. Kwa wimbo wa dakika sita ni kutazamwa mara 40,000 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo msaada wako mkubwa si kubonyeza kitufe cha kujiunga tu. Tazama wimbo mpaka mwisho, na umpelekee kiungo mtu mmoja unayejua ataupenda. Kumwaga kiungo kwenye magrupu ishirini huleta watu wanaofungua sekunde kumi na kuondoka, na dakika hazipatikani.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, ina sharti lake: tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haupati mgawo. Kusikiliza huhesabiwa kuanzia sekunde 30. Sharti hilo linaonekana gumu, lakini kwa kwaya ndogo linavukika kwa utaratibu. Watu 20 wakisikiliza wimbo mmoja mara moja kwa wiki, katika wiki 50 wameshafika elfu moja. Chagueni wimbo mmoja au mbili za kwaya hiyo badala ya kutawanyika kwenye kumi na mbili, la sivyo zote zitaishia mia nane. Fedha yenyewe itakuwa ndogo, tusidanganyane. Faida kubwa ni kwamba programu nayo huanza kuupeleka wimbo kwa wasikilizaji wengine.

Kwa Kenya kuna pia Skiza, huduma ya kuweka wimbo usikike kwa anayekupigia simu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yanataka mwenye wimbo apate angalau asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Ukiupenda wimbo, muulize mwimbaji mwenyewe namba ya Skiza. Wimbo mmoja unaweza kuwa na namba kadhaa zilizowekwa na watu mbalimbali, na mojawapo huenda si yake.

Neno moja juu ya vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Ni rahisi na viko kila stendi, lakini mwimbaji hapati hata senti. Ukishasikia wimbo mzuri hapo, hesabu kwamba bado hujaununua.

Katibu wa kwaya yetu ametuagiza tuache simu zikicheza video yetu usiku kucha bila sauti, na tubofye matangazo yote. Kuna ubaya? (Mwanakwaya, Tabora)

Upo, tena mkubwa. Mwambieni aache leo. Google ina mifumo ya kutambua mibofyo isiyo ya kweli, na masharti yake yanakataza mwenye chaneli kubofya matangazo yake au kuwahimiza wengine wabofye. Simu thelathini za watu walewale, mtaa uleule, zikicheza video ileile hadi asubuhi ni alama iliyo wazi. Mapato huondolewa, na akaunti ya AdSense, ambayo Google huitumia kuwalipa mapato ya matangazo, inaweza kufungwa. Ikishafungwa kwa sababu hiyo, kuirudisha ni vigumu mno, na kwa kawaida huruhusiwi kufungua nyingine. Kwaya inapoteza njia hiyo ya mapato kwa ajili ya wiki mbili za mibofyo.

Vivyo hivyo kwa makubaliano ya "jiunge kwangu nijiunge kwako" na kwa watu wanaouza wafuasi. Kwenye Spotify, msikilizaji wa bandia humponza pia msambazaji, yaani kampuni iliyoupeleka wimbo huko, naye anaweza kuuondoa wimbo wenu bila kuwauliza. Wanakwaya watazame video yao kama watazamaji, kila mmoja kwa muda wake, na wamwonyeshe jirani.

Kagueni pia jambo ambalo kwaya nyingi hulikuta limeshaharibika: akaunti ya AdSense iko kwa jina la nani? Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani, na malipo hutoka yakifika dola 100. Kama aliyeifungua ni kijana aliyehama na anwani ni ya kwao, barua haitawafikia na fedha zitakaa zikisubiri. Tumieni sanduku la posta la usharika au la parokia.

Tumepakia wimbo wetu wenyewe, YouTube ikatuambia una hakimiliki ya mtu mwingine. Tumeutunga, tumeuimba, tumeulipia studio. Inakuwaje? (Mwalimu wa kwaya, Mbeya)

Yapo maelezo mawili ya kawaida. La kwanza, prodyuza ameusajili wimbo kwa jina lake kupitia msambazaji wa kidijitali, na mfumo wa YouTube wa kutambua sauti umeukuta huko. La pili, midundo au vinanda vilivyotumika vilinunuliwa au kupakuliwa mtandaoni, na kuna watu wengine waliotumia vipande hivyohivyo na kuvisajili. Fungua maelezo ya dai hilo. Huonyesha jina la anayedai na dakika inayodaiwa. Dai likihusu wimbo mzima, zungumzeni na prodyuza kwanza. Likihusu sekunde chache za mwanzo, muulize kipande hicho alikitoa wapi. Msikimbilie kupinga dai kabla hamjajua, maana mkipinga bila haki mnaweza kupata onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 huhatarisha chaneli yote.

Dawa yenyewe ni karatasi ya ukurasa mmoja kabla ya kuingia studio. Iandikwe nani mtunzi wa maneno na nota, nani mwenye rekodi iliyokamilika, nani ataisambaza mtandaoni na kwa akaunti ya nani. Iandikwe kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na kwamba deni likiisha studio itakabidhi faili za sauti bila kubanwa pamoja na faili za kila ala peke yake. Hizo za ala ndizo husahaulika. Bila hizo, siku mkitaka kurekebisha sauti ya soprano mtarudia kurekodi wimbo mzima. Wasaini mwenyekiti, katibu na prodyuza.

Mkisambaza wenyewe, kila rekodi itapewa namba yake ya utambulisho, iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Iandikeni kwenye daftari la kwaya. Mkibadilisha msambazaji, tumieni namba ileile ili idadi ya wasikilizaji isianze upya. Angalieni pia aina ya malipo. Msambazaji DistroKid hutoza ada ya kila mwaka na haichukui sehemu ya mapato ya kawaida ya kusikilizwa, lakini ada ikikatika nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa kama mlilipia nyongeza ya kuzibakiza. Mwingine, CD Baby, hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha huchukua asilimia 9 ya mapato. Kwaya inayobadilisha mweka hazina kila baada ya miaka miwili tunaishauri ilipe mara moja. Nyimbo nyingi hupotea kwa sababu kadi iliyolipia ilikuwa ya mtu aliyeondoka.

Na mtunzi wenu ajiandikishe kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1999. Kenya kazi husajiliwa KECOBO. Cheti cha usajili kina nguvu kuliko ushahidi wa wanakwaya arobaini.

Kwaya yetu itatoa albamu na tumetangaza kwamba faida yote ni ya watoto yatima wa kata yetu. Mimi ni mweka hazina na naogopa. Nifanyeje nisije nikaonekana mwizi? (Mweka hazina, Morogoro)

Unaogopa kwa haki, na tatizo liko kwenye neno "faida". Hakuna anayejua faida ni kiasi gani mpaka mwisho, na mwishoni kila mtu ana hesabu yake. Chukua mfano huu, weka bei za kwenu. Mnatengeneza flashi 300 na kuuza kila moja 10,000, jumla 3,000,000. Flashi zenyewe, kwa 4,500 kila moja, ni 1,350,000. Kunakili na vibandiko, 500 kila moja, ni 150,000. Studio na video 1,200,000. Usafiri wa wauzaji 150,000. Gharama ni 2,850,000. Faida ni 150,000, yaani 500 kwa flashi. Mnunuzi aliyetoa elfu kumi ameamini amewapa yatima kitu kikubwa, kumbe amewapa mia tano. Na kama flashi 40 tu hazijauzwa, au zimekopeshwa zikapotea, mauzo yanashuka hadi 2,600,000 na faida haipo kabisa. Hapo hakuna aliyeiba, lakini kata nzima itasema mmeiba.

Badilisheni tangazo kabla ya uzinduzi. Uzeni 12,000, na mtamke na kuandika kwenye kibandiko: "Shilingi 2,000 za kila nakala ni za mfuko wa watoto." Zikiuzwa zote, watoto wanapata 600,000 na kwaya inabaki na 3,000,000 ya kulipa gharama zake. Zikiuzwa 260, watoto wanapata 520,000 bila mjadala, na upungufu wa 250,000 ni wa kwaya, mtafute kwa njia nyingine. Mnunuzi anajua anachonunua na anachotoa. Wala msione aibu kwamba 10,000 ni ya kwaya: bila kulipa studio hakuna albamu ijayo, na bila albamu ijayo watoto hao hawana mfuko.

Fedha hizo zisikae pamoja. Zile elfu mbilimbili zihamishwe kila Jumatatu kwenda akaunti nyingine, hata kama ni elfu kumi na nne tu. Kama kwaya haina usajili wa kufungulia akaunti, ombeni usharika au parokia iwafungulie akaunti ndogo yenye watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na mmoja awe mtu asiyekuwa mwanakwaya. Kwa malipo ya simu tumieni lipa namba yenye jina la kwaya au kanisa. Laini binafsi ya mweka hazina isitumike hata siku moja, hata kama ni wewe na unajiamini. Siku ukiugua au simu ikiibwa, hesabu inakatika na maneno yanaanza.

Kitabu cha risiti kiwe na namba zilizochapwa na nakala ya kaboni. Daftari liwe na safu za tarehe, namba ya risiti, nakala alizochukua muuzaji, alizorudisha, fedha ya kwaya na fedha ya mfuko. Muuzaji asipewe nakala mpya kabla hajafunga hesabu ya zile za kwanza. Kumi zinatosha kwa mkupuo. Mara moja kwa mwezi mfuko usomwe mbele ya kwaya: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Jihadharini na siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa fedha nyingi, wengine wanapanda kwa ahadi, na ukumbi unashangilia. Ahadi si fedha. Kwaya huagiza spika mpya kwa kutegemea ahadi, miezi mitatu baadaye imelipwa theluthi. Andikeni kila ahadi pamoja na namba ya simu na tarehe ambayo mtoaji mwenyewe ameitaja, mmkumbushe mara moja siku hiyo, na msitumie chochote mpaka kiingie. Mtangazaji aseme wazi pia fedha ya mgeni rasmi ni ya mfuko upi. Hapo ndipo michanganyo mikubwa hutokea, kwa kuwa mgeni husema "kwa ajili ya kazi hii ya Mungu" na kila upande husikia jina lake.

Kutoa nako kuna utaratibu. Tangu 2016 shule za serikali Tanzania hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na baadaye hilo likafika kidato cha sita. Kwa hiyo mahitaji ya mtoto anayelelewa na bibi yake si ada. Ni sare, viatu, madaftari, chakula cha shuleni na, kwa wasichana, taulo za kike. Mketi na walimu na ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya mpate orodha, mlipe fundi wa sare na duka la viatu moja kwa moja, na risiti ziingie kwenye daftari lilelile. Msiwapange watoto madhabahuni wapigwe picha wakipokea. Mtoto atasoma na wenzake kesho yake.

Kuna mwimbaji mmoja mtandaoni anaomba tuchangie kituo chake cha watoto. Nitajuaje kama kipo kweli? (Msomaji, Arusha)

Anza na jina linalotokea unapotaka kutuma. Kabla hujathibitisha malipo, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Kama ni la mtu binafsi wakati unaambiwa ni taasisi, simama hapo, uliza. Jambo la pili, hakikisha unayeongea naye ndiye. Kurasa za kughushi kwa majina ya waimbaji wa Injili ni nyingi, na huomba michango kwa ujumbe wa faragha. Piga namba iliyo kwenye maelezo ya video zake za zamani, si ile uliyotumiwa.

Kisha omba namba ya usajili na aina yake. Tanzania, shirika lisilo la kiserikali liko chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 na husajiliwa na Msajili wa NGOs; kanisa au jumuiya husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini usajili wa NGO hautoshi kulaza watoto. Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika anajua yapi yanayo. Mpigie au mfuate ofisini. Kenya, serikali ilisitisha usajili wa vituo vipya vya hisani vya watoto mwezi Novemba 2017, na sera imeelekea kuwarudisha watoto kwenye familia. Kituo cha Kenya kinachojitangaza kuwa kipya kikuonyeshe kwa karatasi kinafanya kazi kwa kibali gani.

Hata kikiwa halali, uliza swali hili: wangapi kati ya watoto hao wana ndugu? Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi mmoja au bibi aliye hai, na wako pale kwa sababu ya umaskini. Hisani inayomlipia bibi chakula na sare ili mtoto abaki nyumbani huwa nafuu, na kwa mtoto ni bora. Mwimbaji mwenye nia njema hatakasirika ukimuuliza hivyo. Ukiamua kutoa, anza na kidogo chenye matumizi yanayotajika, kwa mfano pea tano za viatu, uone risiti, kisha uendelee. Usidai picha za nyuso za watoto kama uthibitisho. Risiti na simu ya mwalimu mkuu zinathibitisha zaidi.

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Dubai, na dada yangu yuko Minneapolis. Tunataka kuichangia kwaya ya kwetu Bukoba na mradi wao wa cherehani kwa wajane. Tupitie wapi? (Msomaji, Dubai)

Milele na milele, amina. Wewe uliye Dubai kuwa mwangalifu kwanza na sheria. Falme za Kiarabu zina sheria ya michango ya mwaka 2021 inayoruhusu kukusanya michango kwa taasisi zenye kibali tu. Usifungue grupu la WhatsApp la kuchangisha wala usizungushe daftari kazini. Kutuma fedha yako mwenyewe kwa ndugu yako Bukoba ni jambo lingine; mtumie, naye aipeleke na kurudi na risiti ya kwaya.

Dada yako Marekani anaweza kutuma moja kwa moja, ila ajue kwamba mchango uliotumwa kwa kikundi cha nje haupunguzi kodi yake huko. Unafuu huo hupatikana kwa taasisi iliyosajiliwa Marekani, kwa mfano parokia yake ikikubali kuupokea na kuusimamia mradi kama wake. Kwa fedha ndogo haina haja ya mzunguko huo. Alinganishe makampuni kwa kuangalia shilingi ngapi zitafika mkononi Bukoba, kwa kuwa tangazo la "bila ada" mara nyingi huficha makato ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha. Na atume dola 60 kila miezi mitatu badala ya 20 kila mwezi pale ambapo ada ni ileile kwa kila muamala. Aongeze ya kutolea, wajane wasikatwe.

Kuhusu vyerehani, msinunue huko na kusafirisha. Nunueni cherehani cha mguu kilekile ambacho mafundi wa Bukoba wanakitumia, ili sindano, mkanda na vipuri vipatikane dukani palepale na asiye na umeme aweze kushona. Pamoja na kila cherehani tengeni fedha ya mafuta, sindano, nyuzi na vitambaa vya kazi ya miezi miwili ya mwanzo. Mashine nyingi za misaada zinakaa zimefunikwa kwa sababu mwenye nayo hakuwa na mtaji wa kitambaa. Kwaya nayo iulizwe swali moja kabla ya fedha kutumwa: cherehani kitakuwa mali ya mjane au ya kikundi? Kikiwa cha kikundi, ufunguo wa chumba unakaa kwa nani, na kikiharibika nani analipa fundi. Majibu yaandikwe, yasainiwe na wajane wenyewe, nakala ije kwenu kwa simu. Mchango wa kununua albamu yao utumeni peke yake, kwa namba nyingine.